Vikombe Sita kwa Shahidi wa Kona

Wallahi, haya ninayoyaeleza ni kweli tupu, hata chembe ya chumvi sikutia. Nikikutwa nimeongeza neno moja, niletewe kahawa ya moto niinywe bila kupuliza. Msomaji asiyejua uzito wa kiapo hicho asubiri kidogo, ataujua.

Ilikuwa mwaka hamsini na saba. Mimi Khatib nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kijana wa kisiwa cha Fundo nilovuka maji kuja kujifunza cherehani katika kijiji kimoja cha njia ya Konde, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Wete. Fundi wangu alinifundisha kukata kanzu. Kumpenda Moza binti Jaribu nilijifunza mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilikosea karibu kila mahali.

Baba yake, Mzee Jaribu, alikuwa na baraza ya kahawa kando ya barabara. Yeye alimimina, lakini aliyekaanga, aliyetwanga na aliyechemsha alikuwa Moza, nyuma ya dirisha la mbao lenye kipazia cha buluu. Tulichokijua sisi wanywaji ni mkono ulotoa dele la shaba lenye kahawa, bangili mbili, na sauti. Lakini sauti ile, ndugu yangu! Ungeisikia ikisema "chukueni, imeiva," ungeondoka na kiu ya mwaka mzima.

Na baraza ile haikuzungumza jengine ila mbio za gari.

Njia ya Konde ilikuwa na gari mbili za abiria, bodi za mbao. Moja ikiitwa Subira, dereva wake Soud, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Ya pili ikiitwa Mpewa Hapokonyeki, na dereva wake Marhoun, kijana wa Kimanga, mrefu, kofia ya kazi ya sindano na nywele zinanukia mafuta kabla gari yake haijaonekana. Kila Sikukuu pili, yaani siku ya pili ya Idi, gari zote mbili zikiwa tupu, zilishindana kutoka Konde hadi Wete. Atakayeshinda ndiye atakayesimama mbele kituoni na kupakia mwanzo mpaka Sikukuu nyengine. Ilikuwa mbio kweli. Vumbi lake lilikuwa likitua Fundo siku ya tatu, mama yangu akilifagia.

Sheria alizitunga Mzee Jaribu, na adhabu ilikuwa kahawa. Dereva alokosa alilazimika kusimamisha gari mbele ya baraza, ateremke, akae kitako, anywe kahawa ya moto mpaka chini, bila kupuliza. Aloondoka kabla ya honi, kikombe kimoja. Alomziba mwenziwe njia, viwili. Alokata kona, akapita ndani badala ya kuizunguka, vitatu. Akipuliza, kikombe kinajazwa upya. Vikombe vyenyewe vidogo, lakini kahawa ya Moza ilikuwa ikitoka motoni inaguna.

"Sikukuu ilopita Soud kadhulumiwa!" alipiga kelele Othman jioni moja. Othman alikuwa mchuuzi wa muhogo, na kwake Soud hakukosea tangu kuzaliwa. "Vikombe viwili vya bure!"

"Vya bure vipi, yakhe?" akajibu Ahmada, ambaye alikuwa wa Marhoun roho na mwili. "Kamziba mwenziwe njia mchana kweupe!"

"Hakumziba. Kamkwepa mbuzi."

"Mbuzi gani? Mlete mbuzi mwenyewe aseme!"

Kipazia kikatikisika. "Ami Othman," ikasema ile sauti, "mbuzi alikuwa wa Bi Time, na siku ile alikuwa kafungwa nyuma ya nyumba. Nilimpelekea majani mwenyewe."

Baraza ikaangua kicheko. Othman akavuta shuka yake. "Weye Moza utasema hayo. Marhoun kwako hakosei."

"Hukosea. Sikukuu ya Mfunguo Mosi aliondoka kabla ya honi, nikasema anywe, akanywa. Lakini ana mkono mwepesi, akiingia kona husikii hata breki. Soud huipigia kona makelele kama anamfukuza kuku."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. "Ana mkono mwepesi." Usiku huo niliyatia maneno hayo kichwani na yakakataa kutoka. Mkono wangu mimi ulikuwaje? Ulikuwa na matundu ya sindano.

Nawe ujue kuwa wakati huo posa yangu ilikuwa imeshafika. Ami yangu aliivusha kutoka Fundo na Mzee Jaribu akaipokea, lakini jawabu akaliweka. Aliniita akaniambia waziwazi, "Khatib, kazi yako naiona, sala yako naiona. Lakini una maneno, mwanangu. Umenambia hapa kwamba Fundo mlimvua chewa akatoka na cherehani tumboni."

"Ndiyo, Mzee. Ya mkono."

"Umeona? Mtu wa namna hiyo mimi namwogopa. Binti akiolewa na mwongo hajui siku ya kula wala siku ya kulia. Nitakupa jawabu baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu."

Kwa hivyo Mfunguo Tatu ulipokaribia nilikuwa mkweli mpaka nikakonda. Baraza nayo, ilipotafuta shahidi wa kona kubwa, ile iliyo hatua hamsini kabla ya baraza, ikanichagua mimi. "Huyu mtu wa Fundo," alisema Mzee Jaribu, "hana gari, hana upande." Nikapewa kazi: akikosa dereva, nimpungie baraza kitambaa chekundu, mpungo mmoja kwa kila kikombe.

Asubuhi ya Sikukuu pili nilifika konani mapema, kanzu mpya mwilini na kitambaa mfukoni. Bi Time, ajuza mwenye nyumba pale pembeni mwa kona, aliniita nimshikie kitu upande wa pili. Nikashika, nikavuta alipotaka nivute, akanishukuru. Kilikuwa nini sikumbuki, kwa sababu dakika ile ile Mpewa Hapokonyeki ilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Jaribu, ikielekea Konde kwenda kuanza mbio.

Marhoun akateremka. Mkononi kashika kikapu cha halwa. Nikadhani atakwenda barazani, kama wanaume wote. Hakwenda. Alizunguka nyumba, akapita mlango wa uani. Hakubisha hodi!

Nilihisi jua lote la Pemba limenishukia utosini. Uani! Mimi mwenye posa nilikuwa sijawahi kuona hata kizingiti cha uani ule.

Walitoka pamoja. Na hapo ndipo nilipomwona Moza uso wake wote kwa mara ya kwanza, ushungi umemrudi mabegani, macho makubwa yanacheka. Ningetoa cherehani na miguu yake kwa kicheko kama kile, na kilikuwa kinakwenda kwa mwengine. Akanyosha mkono, akamfunga Marhoun kifungo cha kanzu kilichokuwa wazi shingoni. Akamrekebisha kofia. Akamwambia neno. Yeye akamgusa kichwani kama mtu anayegusa chake, akapanda gari, akaondoka akinipigia honi ya salamu.

Mpewa Hapokonyeki. Jina la gari lilinipita mbele ya macho herufi kwa herufi.

"Khatib!" Moza akaniita kutoka mbali, akivuta ushungi haraka aliponiona. "Leo uangalie vizuri, sawa? Usiwaonee."

"Nitaangalia," nikamjibu. Na macho yangu hayakutoka katika ule mlango wa uani mpaka Adhuhuri. Nilikuwa shahidi wa kona, na kona yenyewe nilikuwa nimeipa mgongo.

Baada ya sala ya Adhuhuri ukasikika mvumo. Vumbi likatangulia, nyuma yake Mpewa Hapokonyeki, Subira ikiwa nyuma kiasi cha urefu wa msikiti. Marhoun aliingia kona. Kwa haki ya Mungu, aliizunguka yote, nje kabisa, mkono mwepesi, sikusikia hata breki. Ilikuwa kona safi kama hati ya mwalimu wa chuo. Na alipokuwa akinipita alikuwa akitabasamu, shingoni kifungo kimefungwa.

Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Nikapunga. Moja. Mbili. Tatu.

Barazani watu wakanguruma. Marhoun akakanyaga breki, akateremka ameduwaa. "Mie? Nimekosa nini?"

"Vitatu!" Othman alikuwa akiruka. "Kakata kona! Shahidi kasema!"

Akakaa, maskini, akanywa. Cha kwanza kilimtoa machozi. Cha pili Subira ikampita kwa makelele. Cha tatu alikimaliza, akaweka kikombe chini taratibu, akaenda Wete na kurudi ameshashindwa. Alipofika nilikuwa nimeshaitwa barazani, na mjadala ulikuwa umepamba moto.

"Hakukata kona huyu!" Ahmada alikuwa ameshasimama juu ya baraza. "Miaka minane namtazama, hajawahi kukata!"

"Kila mtu ana siku yake ya kwanza," Othman akamjibu. "Shahidi yupo. Khatib, sema."

"Kakata," nikasema.

Dirisha likafunguka. Safari hii kipazia kilivutwa kando, akaonekana nusu ya uso na jicho moja, na jicho lile lilinitazama mimi peke yangu. Siku zote niliomba linitazame hivyo.

"Kaka Khatib," akasema Moza kwa upole, "hebu tueleze. Tairi ilipita wapi?"

"Ndani. Kwa upande wa Bi Time."

"Ndani kiasi gani?"

"Ndani kabisa. Nusu ya gari ilikuwa uani kwa watu." Neno uani lilinitoka kwa uchungu.

"Tairi mbili zote za kushoto?"

"Zote mbili. Na ya tatu ilitaka."

Othman akatikisa kichwa kwa raha. Moza akachungulia upande wa kona. Kisha akasema, "Basi pole yake Bi Time. Karafuu zake zote zimesagwa."

"Karafuu gani?" nikauliza.

Hakunijibu. Alifunga dirisha, akatoka na buibui lake, mama yake nyuma, na baraza nzima ikamfuata konani, mimi nikiburuzwa katikati kama mbuzi wa sadaka. Na pale, ndani ya kona, mahali hasa nilipopitisha tairi zangu mbili na nusu, palikuwa na jamvi kubwa limetandikwa, na juu yake karafuu za mwanzo wa msimu, zimelala nzuri, vichwa vyao vyote vizima, hakuna hata moja ilopondeka. Bi Time alikuwa amekaa mlangoni kwake, akizigeuza kwa kijiti.

Nikaona mahali pamoja tu pa kutokea. "Jamvi hili limewekwa baada ya mbio," nikasema.

Bi Time akainua uso. Alikuwa haoni mbali, akajikinga jua kwa kiganja mpaka akanitambua, akafurahi.

"Ah, ni mwanangu Khatib! Njooni mumwone kijana mwenye adabu. Alfajiri na mapema leo kanishikia jamvi hili upande wa pili, tukalitandika pamoja. Mungu akupe mke mwema, baba."

Kimya kilichofuata, ndugu msomaji, ungeweza kukikata kanzu.

Kisha Ahmada akaanza kucheka, na kijiji kizima kikamfuata. Othman peke yake hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa muhogo mbovu. Mzee Jaribu akanijia karibu. "Khatib, kwa nini? Marhoun kakufanya nini?"

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini wivu ukishapanda hauteremki kwa ngazi.

"Muulize Moza!" nikapiga kelele. "Muulize anaingiaje uani kwenu bila hodi! Muulize nani kamfunga vifungo asubuhi! Mimi nina posa yangu humu, na yeye anaingia kama kwao!"

Kicheko kikakatika. Nikaona uso wa Mzee Jaribu ukibadilika, si kwa hasira, kwa kitu kibaya zaidi ya hasira. Alinionea huruma.

"Ni kwao," akasema. "Mama yake Marhoun, Bi Shariffa, alipojifungua aliugua homa miezi sita. Huyu mtoto kalelewa ndani ya nyumba yangu, kanyonya ziwa la mke wangu hapa unayemwona. Ni kaka yake Moza. Hata dunia nzima ingetaka amuoe, ni haramu yake. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa wewe, na wewe hukuuliza."

Mama Moza alikuwa ameshika mkono wa Marhoun. Halwa ile, nikafahamu, ilikuwa ya mama yake wa ziwa.

Nilitamani kona inimeze. Marhoun alijigusa ulimi ulokuwa umeungua. Lakini Moza alisogea mbele.

"Kuwaonea madereva, hilo lina kikombe chake," akasema. "Lakini umenisema mimi, Khatib. Mbele za watu, siku ya Sikukuu. Kama mwanamke asiye na kwao. Mimi niliyekuwa nikikaa nyuma ya dirisha lile nikingoja wewe useme neno katika mabishano ya mbio, hata la upumbavu, nipate kukujibu. Hukusema hata siku moja. Umekuja kusema leo, na umesema hili."

Nilikitoa kitambaa chekundu mfukoni, nikamrudishia Mzee Jaribu.

"Sheria inasema nini kwa shahidi wa uongo?" akauliza Mzee Jaribu.

"Mara mbili ya alichokitoza!" baraza ikajibu kwa pamoja. "Sita!"

"Na hili la pili?"

"Hilo la binti mwenyewe," akasema Ahmada.

Moza alinitazama kwa muda mrefu, na mimi kwa mara ya kwanza siku ile niliangalia nilichotakiwa kuangalia. Machoni mwake mlikuwa na machozi na hasira, na chini yake, mbali sana, kitu kama mtu anayenyosha mkono gizani.

"Anywe sita," akasema. "Nitamimina mimi. Akipuliza hata kimoja, posa irudi Fundo na chewa wake."

Nikakaa kitako. Dele likaletwa na jiko lake la makaa. Cha kwanza kiliniunguza midomo, cha pili ulimi. Cha tatu nilikinywa namtazama Marhoun, nikasema, "Nisamehe, kaka." Akasema, "Kunywa kwanza." Cha nne sikusikia ladha. Cha tano masikio yangu yalikuwa yakitoa mvuke, na watu wa Wete wakaja kuuliza kama kuna nyumba inaungua. Nikainama kwa maumivu, na pumzi ikanijaa kifuani, ikitaka kutoka, ikitaka kupuliza tu kidogo.

"Anapuliza!" Othman akapiga kelele.

"Hajapuliza!" Marhoun akamkata. "Anapumua. Mtu aruhusiwe kupumua!" Na hapo kukazuka mjadala mwengine mkubwa, kupuliza ni nini na kupumua ni nini, mpaka Mzee Jaribu alipopiga dele kwa kijiko kuwanyamazisha.

Akaja Moza na cha sita. Alipiga magoti mbele yangu ili anipe, na vidole vyake vikagusa vyangu. Nikafumba macho, nikanywa. Na wallahi kahawa ile ilikuwa imepoa! Alikuwa ameiacha kando makusudi, akaitia na sukari, bila baba yake kujua, ili nisiungue tena. Nikafumbua macho, akanitazama, na katika mtazamo ule nikasoma kwamba ameshanisamehe. Ndivyo nilivyompata mke wangu, na ndiyo hadithi yote, hakuna neno lilozidi.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshafunika kalamu, ndipo nilipogundua kuwa kuna mtu amesimama nyuma ya kiti changu na miwani yake puani, anasoma.

"Kimepoa nini?" akasema Moza.

"Kikombe cha sita, mama. Ulikiacha kando."

"Mie? Nilikirudisha jikoni kikachemka upya! Kilikuwa cha moto kuliko vyote sita. Na sukari nimeitoa wapi, barazani kwa baba?"

"Basi kwa nini ulikichemsha?"

Akavua miwani. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza, nilijitungia tu jawabu langu na kulala nalo.

"Nilitaka nione," akasema. "Nilisema, huyu mtu wa maneno matupu, akiweza kunyamaza na kuungua kwa ajili yangu mara moja tu katika umri wake, namchukua. Ukanyamaza. Ukatokwa na machozi. Ukanirudishia kikombe kitupu kwa mikono miwili. Nikamwendea baba, nikamwambia namtaka huyo huyo." Akageuka kwenda jikoni. "Na masikio hayakutoa mvuke. Na kutoka Wete hakuja mtu."

"Moza, unakwenda wapi?"

"Si umeapa? Umekutwa."

Sasa hivi kikombe kipo mezani, mbele ya karatasi hizi, na moshi wake unanipanda puani. Yeye kakaa mbele yangu, mikono kifuani, anaangalia mdomo wangu kama shahidi wa kona. Midomo imeungua, ulimi umeungua, nimefika nusu. Sipulizi, napumua tu.